Naomba ushauri: rangi inabanduka juu ya kanga na mchanga

Wakuu, wakubwa shikamooni. Niko Mikindani, nachora picha zisizo na sura ya kitu: hakuna mtu, hakuna mnazi. Nabandika vipande vya kanga kuukuu kwenye plaiwudi kwa gundi ya mbao, namwagia mchanga wa ufukweni, napaka akriliki (rangi ya kuchanganya na maji), nakwangua, napaka tena. Tabaka la chini likianza kuchungulia, hapo ndipo najua picha inataka kwenda wapi.

Juzi nilitaka weusi mzito, nikapaka rangi ya mafuta, ile ya milango. Akriliki niliyoweka juu yake imebanduka kama gamba la nyoka. Hilo nimeshajifunza: mafuta hukaa juu ya akriliki, si chini. Lakini hata penye mchanga mtupu panatoa unyevu na chumvi. Niliusuuza mara moja tu (uvivu wangu). Nisuuze mpaka lini, au nihamie mchanga wa mtoni? Na plaiwudi inapinda. Nipake gundi na nyuma?

Linaloniumiza zaidi: mnajuaje imetosha? Babu alichonga mpingo; kipande kikitoka kimetoka. Mimi naongeza tu, nimeshazika picha tatu nzuri chini ya mbaya.