RE: Samaki wa Ijumaa kanisani, mgeni anaingia?

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mgeni hapa Milwaukee, nimefika mwezi wa kumi na moja na wanangu wawili, kwetu Kigoma. Karibu na ninapoishi kuna kanisa Katoliki wameweka bango kubwa limeandikwa FISH FRY, yaani samaki wa kukaanga, kila Ijumaa watu wanapanga foleni mpaka nje. Naomba kuuliza, ile ni ya waumini wao tu au mtu baki anaingia? Mimi Mpentekoste. Na samaki wenyewe ni samaki kweli au ndo vile vya kwenye boksi? Asanteni.

-----

Dada karibu sana na pole na baridi. Ingia! Mi miaka miwili ya kwanza nilikuwa napita hapo hapo nje jioni nasikia harufu ya samaki kwenye mafuta, harufu ya soko la samaki la Kirumba kabisa, nikajua watu wana shughuli yao humo, na kwetu Mwanza huwezi kujiingiza kwenye shughuli ya watu hujaalikwa, basi napita zangu naenda kula wali mkavu nyumbani. Mpaka jirani yangu mzee mmoja akaniuliza mbona sikuoni Ijumaa. Hakuna anayekuuliza dini, unalipa mlangoni unapewa tiketi, unakaa popote kwenye meza ndefu na mtu usiyemjua. Watoto bei yao ni ndogo. Beba keshi kidogo, sio wote wanachukua kadi. Na ile hela inaenda kwenye shule yao, paa la kanisa, mambo kama hayo, wanaopika wote wanajitolea.

Sababu ni Kwaresima, mfungo wao wa kabla ya Pasaka. Mkatoliki kuanzia miaka 14 hali nyama Jumatano ya Majivu na Ijumaa zote za Kwaresima, na zamani ilikuwa Ijumaa zote za mwaka mpaka maaskofu wa Marekani walipolegeza mwaka 1966. Ila watu wa Wisconsin, jimbo letu hili, hawakuacha. Wazee wao walitoka Ujerumani na Poland, ziwa Michigan hili hapa, samaki alikuwa rahisi, halafu pombe ilipopigwa marufuku 1920 hadi 1933 mabaa yakabaki hayana cha kuuza, yakawavuta watu kwa sahani ya samaki. Ndo maana hapa hata mwezi wa nane ukiingia baa Ijumaa unakuta samaki, sio Kwaresima tu.

Sasa sahani yenyewe. Usitegemee kichwa wala mkia, ni minofu mitupu. Mara nyingi ni cod, huyo ni wa baharini anakuja ameganda. Pembeni wanaweka kabichi mbichi iliyokatwakatwa na mayonezi, mkate mweusi wa nafaka wanaiita rye, na chapati ndogo za viazi vilivyokunwa ambazo wanakula na rojo ya tufaha. Mara ya kwanza nilishangaa, sasa hivi ndo naanza na hizo. Ndimu ipo, pilipili hakuna, beba yako kwenye kichupa, mi nabeba na hakuna anayekasirika.

Ukiona ubaoni wameandika perch usidhani ni sangara wetu. Huyu ni mdogo, kama kiganja, ana mistari, nyama yake tamu sana na bei yake iko juu kuliko cod. Huyo ndiye alikuwa samaki wao wenyewe wa ziwani. Yule mzee jirani alinieleza walivyokuwa wanatoboa barafu wakiwa watoto na kurudi na ndoo imejaa, halafu wakaanza kupungua mpaka mwaka 1996 Wisconsin ikafunga uvuvi wa biashara wa perch huku kwenye ziwa Michigan, ukiacha ghuba yake ya Green Bay. Aliongea taratibu huku anafuta mikono na mi nilimwelewa kuliko alivyodhani, maana bibi yangu alikuwa anaongelea furu hivyo hivyo, vile visamaki vidogo vilivyokuwa vinajaa kwenye kila chungu kabla sangara hajatawala Ziwa Victoria.

Mwaka wa tatu niliingia jikoni kusaidia na nawashauri wote mfanye hivyo, kiingereza changu kimenyooka kule kuliko darasani. Kuna mama mmoja mtu mzima kazi yake ni kupangusa minofu kwa karatasi, kipande kimoja kimoja, mbele na nyuma, kabla haijaingia kwenye unga. Nikamuuliza kwa nini anahangaika hivyo, akasema maji yakibaki mafuta yanaruka na ganda linabanduka. Nikamwambia mama yangu alikuwa anachanja sato, anapaka chumvi na ndimu halafu anamweka kwenye ungo juani kama nusu saa, sababu hiyo hiyo, asigande kwenye kikaango. Akanishika mkono akaenda kunitambulisha kwa wenzie wote kwamba huyu anajua samaki. Mpaka leo ananiwekea kiti.

La mwisho, wanaume mnaotaka kwenda kuvua wenyewe: kuanzia miaka 16 lazima leseni, hata kwa ndoano moja. Na someni matangazo ya jimbo ya samaki gani wa kula na mara ngapi, baadhi ya mito na maziwa samaki wana zebaki na kemikali za viwanda vya zamani. Wajawazito na watoto hasa. Msipuuzie.

-----

Salaam aleikum. Mie wa Mombasa, niko Minneapolis. Naongeza kwa Waislamu wenzangu, kule makanisani tunaenda na wanatukaribisha vizuri sana, lakini ulizeni mambo matatu kabla ya kulipa: unga umekorogwa na bia au la, maana wengi wanatia bia ndo ganda lipande, mafuta ni ya mimea au ya nguruwe, na mafuta hayo yamekaangiwa kitu kingine au samaki tu. Mara nyingi wana samaki wa kuoka pembeni, mie huchukua huyo. Wala hawachukii ukiuliza, mmoja alinitolea mfuko wa unga kabisa nisome mwenyewe.

Na wenye kiu ya samaki mwenye kichwa chake, nendeni maduka ya Wavietnam au ya Wamexico, mwambie muuzaji atoe magamba na matumbo tu, kichwa asiguse, wasemeeni mapema maana kisu chao kina haraka. Nikipata mzima namchoma kwa moto wa juu wa oveni, namrudishia tui zito na ukwaju, kupaka kamili, japo makaa hakuna.

-----

Jamani sisi wa Memphis mbona mmetusahau. Huku samaki ni kambale, wanafugwa kwenye mabwawa jimbo la jirani Mississippi, hakuna jimbo linalofuga kambale wengi kama hilo. Na kinachonigusa ni kwamba wanamviringisha kwenye unga wa mahindi, mahindi yetu haya haya, na unga unaobaki wanauchanganya na kitunguu wanakaanga vidonge vya duara. Makanisa ya Wamarekani weusi wanauza sahani mwaka mzima wakichangia mazishi au ada ya mtoto wa chuo, na ukiletewa samaki na tambi kwenye sahani moja usishangae, ndivyo wanavyokula. Msiba uliotupata mwaka jana wao ndio walitufundisha, tukakaanga nje ya kanisa tangu asubuhi, na hela ya kusafirisha mwili ikatimia.

-----

Asanteni sana, nimesoma yote na wanangu wamesikia. Nilikuwa natamani migebuka, samaki wetu wa Kigoma, leo siku ya nne. Tutakwenda Ijumaa hii. Kaka wa Mwanza, tufike saa ngapi?

-----

Saa kumi na nusu, ikifika saa kumi na mbili foleni iko barabarani na perch wameisha. Vaeni makoti mazito, na mkifika ulizeni meza ya karibu na dirisha la jikoni, nitakuwa ndani nimevaa eproni ya bluu, nitawatolea vya moto.