Tupeane uzoefu: programu za bure za kuchora miundo ya kemia

Mwalimu, Lamu
Asalaam aleikum wanajamvi. Miaka mingi nilichapa mitihani ya kemia nikiacha mapengo, kisha najaza miundo kwa kalamu na rula. Benzini, ile pembesita ya kaboni, ya kwanza sawa, ya kumi imepinda. Siku hizi natumia ChemSketch, toleo la bure la masomo. Nabofya pembesita, naongeza OH (oksijeni na hidrojeni), naiamuru isafishe muundo, na pembe zinajipanga. Ni ya Windows, lakini ikishaingia haidai intaneti, na huku visiwani hilo si dogo. Wenzangu mnatumia nini?

Mwanafunzi, Malindi
Waaleikum salaam mwalimu. Mimi nachorea saiba, na pale hawaruhusu kusakinisha kitu, basi nafungua Ketcher kwenye kivinjari. Siku moja nachora eujenoli, ile inayoipa karafuu harufu yake. Ikaja alama nyekundu chini ya kaboni moja. Nikafuta, nikarudia, nyekundu tena. Nikaketi kuhesabu mikono, na kaboni ina minne tu ya kushikia wenzake: mitatu ndani ya pembesita, wa nne umeshika OH, na mimi nimeubandika mkia wa kaboni tatu hapohapo. Mkono wa tano! Mkia wake hukaa pembe inayotazamana na OH. Nilikuwa nimelikariri umbo bila kulielewa, na daftarini hakuna aliyenishtua.

Baadaye nikajua pia kwamba unaweza kuandika muundo kwa herufi, mtindo wa SMILES. Bandika COc1cc(CC=C)ccc1O na inachora yenyewe.

Mwalimu mwingine, Malindi
Angalieni mnavyohifadhi. Nilipeleka faili la ChemSketch dukani kuchapisha, mashine yao haikulifungua. Nikarudi na picha ya PNG, nikaikuza ijaze ukurasa, herufi zikatoka ukungu, O na C hazitofautiki, na mtihani ni kesho yake asubuhi. Sasa natoa PDF kila mara. Kwa Ketcher, SVG, kwani hiyo haififii hata ukiikuza vipi.

Mwenye Linux ajaribu BKChem. Kwa umbo la pande tatu, Avogadro: wanafunzi wakiizungusha methani wenyewe, swali la kwa nini si bapa linaisha.

Mwalimu, Lamu
Mwanangu, nimebandika zile herufi sasa hivi na eujenoli imetokea, mkia mahali pake. Kesho naingia nayo darasani, na karafuu mfukoni wazinuse.