MREJESHO: Corolla 110 iliyokuwa inagonga mbele kulia

Wakuu, habari za majukumu. Nilileta hapa shida ya Corolla 110: ikipita barabara ya vumbi inagonga "ko! ko!" mbele kulia, na usukani unachezacheza. Fundi wa mtaani alikuwa amekomalia shokapu.

Shukrani za pekee kwa mdau aliyesema nisinunue spea yoyote kabla ya kupiga jeki na kubinua tairi kwa mtaimbo kutokea chini. Fundi mwingine alibinua, mimi namulika tochi. Boljointi ya chini (kiungo kinachounganisha gurudumu na amu, yaani mkono wa chuma unaolishikilia kwa chini) ilikuwa inapanda na kushuka, mpira unaoifunika umechanika, grisi imegeuka tope la mchanga. Shokapu kavu, hazivuji hata tone.

Aliyeshauri nibadili mpira tu na kujaza grisi, ahsante, ila hiyo inafaa kabla haijaanza kucheza. Nimebadilisha boljointi zote mbili, kulia na kushoto. Uzuri wa 110, boljointi imefungwa kwenye amu kwa bolti na nati, kwa hiyo hununui amu nzima. Hakikisheni tu fundi anaweka pini mpya ya kuzuia nati isilegee. Wengi hurudisha ya zamani.

Kule kugonga kukubwa kumeisha, na baada ya alaimenti (kunyoosha mkao wa matairi) usukani umetulia. Kwenye rasta bado nasikia mlio mdogo. Fundi anashuku linki ya stabilaiza (kifimbo kinachoshika chuma cha kuzuia gari kuyumba), nitaibadilisha mshahara ukitoka. Tairi lililolika upande wa ndani ndilo hasara, hilo nalitafutia jingine.