Homoni ya ujauzito inapanda polepole na utrasaundi haioni mimba: tusubiri?

Mleta mada: Habari zenu ndugu zangu. Mke wangu ana ujauzito wa takriban wiki sita kwa kuhesabu tangu hedhi ya mwisho, na anatokwa na matone ya damu pamoja na maumivu chini ya tumbo, upande wa kushoto. Kipimo cha damu cha homoni ya ujauzito kilisoma 980, na baada ya saa 48 kikasoma 1,210. Utrasaundi ya juu ya tumbo haikuonyesha kitu, tukaambiwa turudi baada ya wiki mbili. Naomba ushauri, kwa sababu moyo wangu hautulii.

Mchangiaji wa kwanza (mkunga): Pole sana, kaka. Wiki mbili ni nyingi mno kwa mwenye maumivu. Mimba inayokwenda vizuri, ikiwa homoni ilianza chini ya 1,500, kwa kawaida hupanda angalau asilimia 49 kwa saa 48. Ya shemeji imepanda takriban asilimia 23 tu, ilhali ingetarajiwa ikaribie 1,460. Hiyo ni dalili kwamba mimba si ya kawaida, lakini namba haisemi imetunga wapi: huenda ni mimba inayoharibika ndani ya mji wa mimba, au ipo nje yake, kwenye mrija wa uzazi unaopitisha yai. Isitoshe, kwa kiwango hicho mfuko wa mimba huenda usionekane bado hata ukiwa mahali pake, kwa hiyo utrasaundi tupu haithibitishi wala haikanushi lolote. Ombeni utrasaundi ya kupitia ukeni leo hii, na kipimo cha damu kirudiwe katika maabara ileile.

Mchangiaji wa pili: Nilidhani homoni ikianza kushuka hatari imekwisha?

Mkunga: Hapana, ndugu yangu, na dhana hiyo inaponza watu. Mrija unaweza kupasuka hata homoni ikiwa chini au inashuka. Akipata kizunguzungu, akazimia, maumivu yakazidi ghafla au yakajitokeza kwenye ncha ya bega, huenda damu inavujia tumboni. Hapo msisubiri majibu ya kipimo chochote, kimbilieni hospitali yenye chumba cha upasuaji.

Mleta mada: Asante sana, dada. Ikithibitika kwamba mimba ipo kwenye mrija, ni lazima apasuliwe?

Mkunga: Si lazima. Mrija ukiwa haujapasuka, hali yake ikiwa imara na homoni ikiwa bado chini, daktari anaweza kumpa sindano ya methotreksati, dawa inayozuia mimba isiendelee kukua, mradi awe na hakika kwamba hakuna mimba hai ndani ya mji wa mimba. Homoni hupimwa tena siku ya 4 na ya 7, ikitarajiwa kushuka angalau asilimia 15 kati ya siku hizo, kisha kila wiki hadi iishe kabisa. Waulizeni pia kundi lake la damu, kwani akiwa Rh hasi (yaani kundi lenye alama ya kutoa, kama O-) huenda akahitaji sindano ya anti-D, inayozuia mwili wake usitengeneze kinga dhidi ya damu ya mtoto katika mimba zijazo.

Mleta mada: Tunaondoka sasa hivi kwenda hospitali ya rufaa, na majibu yote mawili tunayo mkononi.