Modeli ya dhana kwa mfumo mpya: ER, C4 au OPM?

Mchoramistari: Wakuu, naomba mwongozo. Tunajenga mfumo wa kuazimisha vitabu maktabani, na kabla hatujagusa msimbo kiongozi wa timu anataka modeli ya dhana, yaani mchoro wa vitu vya kazi hiyo na maana yake, bila kugusa teknolojia. Mmoja anasema ER (mchoro wa vitu na uhusiano wake) inatosha, mwingine C4 (michoro ya muundo wa programu), wa tatu kaja na OPM (mchoro wa vitu pamoja na michakato) ambayo ndiyo kwanza naisikia. Nyie mlichagua ipi?

Bawaba: C4 itoe kwenye mashindano hayo. Simon Brown aliibuni ionyeshe jinsi programu ilivyogawanyika: muktadha, kontena (sehemu zinazoendeshwa kivyake, kama programu au hifadhidata), vijenzi, kisha msimbo. Ukishachora kontena umeshaamua hifadhidata inakaa wapi. Modeli ya dhana inatakiwa ibaki kweli hata kazi yote ikifanywa kwa daftari na kalamu.

Kipepeo88: Ngoja mkuu, ngazi ile ya muktadha inaonyesha watu na mifumo jirani tu. Mimi huanzia hapo kila mara.

Bawaba: Hapo sawa. Lakini haikuambii "kitabu" ni nini.

Mzee wa Majedwali: Na hapo ndipo tulipoumia sisi! Tulichora "kitabu", tukachora "msomaji", mstari katikati, tukaendelea. Baadaye msomaji anaweka oda, mfumo unamfungia nakala moja ambayo ilishapotea, huku nakala nyingine nne za kitabu hicho hicho zimekaa rafuni. Tulikuwa tumechanganya kitabu kama maandishi ya mwandishi na kitabu kama kitu unachoshika mkononi. Kuvitenganisha data ikiwa imeshajaa, wacha tu. ER ingetuuliza mapema: kitabu kimoja kina nakala ngapi, na kinachoazimwa ni kipi kati ya hivyo viwili? Peter Chen aliitoa mwaka 1976, na maswali yake ya "moja kwa nyingi" bado yanafichua mengi. Sharti moja: ukiona mtu ameanza kuandika aina za data na funguo za majedwali, mnyang'anye kalamu.

Nyuzi Tatu: ER inajua vitu, kwenye matukio ni bubu. Kuazima, kurudisha, kuchelewa, kutozwa faini, yote hayo yanabadilisha hali ya nakala. OPM ya Dov Dori inaweka vitu na michakato kwenye mchoro mmoja, na kila mchoro una sentensi zake za maneno, kwa hiyo hata asiye fundi anaweza kusoma na kukataa. Imo hadi kwenye kiwango cha kimataifa, ISO 19450. Ubaya wake wanaoijua ni wachache, utageuka mwalimu wa timu nzima.

Kipepeo88: UML je, ile lugha ya michoro ya programu?

Mzee wa Majedwali: Mchoro wake wa klasi (aina za vitu), ukiacha operesheni zake, utakufikisha kule kule kwa ER. Kama timu inaujua, msihame.

Bawaba: Mchoramistari, mpelekee mkutubi mchoro wowote mtakaochagua, kisha nyamaza. Yeye ndiye akueleze wewe unasema nini.

Mchoramistari: Sikungoja hata mchoro. Leo nimemuuliza mkutubi, "Kwako kitabu ni nini?" Akanijibu, "Kipi, cha kwenye katalogi au cha rafuni?" Tunaanza na ER. OPM nitaijaribu kwenye faini peke yake, maana huko hata watu wa maktaba wenyewe kwa wenyewe hawajakubaliana.