Mrejesho: buli la udongo wa Yixing lililokuwa linanuka uvundo

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kuhusu buli kuukuu la Yixing (mji wa China unaosifika kwa mabuli ya udongo) nililonunua Guangzhou: ndani lilijaa utando mweusi wa chai na harufu ya uvundo, na muuzaji alinishauri nilioshe kwa sabuni. Mlionizuia, asanteni sana. Udongo ule una vinyweleo na haukufunikwa na chochote. Ungeinyonya sabuni yote, kisha chai ndiyo ingekuja kuilipia.

Nimelichemsha kama mlivyoelekeza: kitambaa ndani ya sufuria ili buli likae juu yake, mfuniko wa buli pembeni, maji yaanze yakiwa baridi, moto mdogo. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya kutu. Nilirudia mpaka yakawa meupe, nikiliacha lipoe lenyewe kila mara. Utando ukalainika, nikautoa kwa mswaki laini, na hapo ndipo chujio la mdomoni lilipoonekana: tundu moja tu, si lile la vitundu vingi lililoenea kuanzia miaka ya 1970. Nimefurahi mno, ingawa hilo pekee si ushahidi wa umri, na mhuri wa kitakoni huigwa kila leo.

Uvundo umekwisha kabisa. Sasa linapika pu-erh tu, ile chai ya China iliyochachushwa. Nikimaliza natoa majani, nasuuza kwa maji ya moto, naliacha wazi likauke. Kulifunika likiwa na unyevu ndiko kunakoleta ukungu. Na tafadhali, wanaolipaka mafuta ling'ae waache. Mng'ao unakuja wenyewe kwa chai na kitambaa.

Ufa mwembamba karibu na mkono bado upo. Halivuji, kwa hiyo siugusi.