Magemu ya zamani ya kompyuta: ninunue Steam au GOG?

mlandege_gemu:
Assalam alaykum jamani. Mie n'nataka kununua magemu ya zamani, yale tukicheza wakati wa skuli, Heroes of Might and Magic III, Commandos, Age of Empires II, na FIFA za zamani kama zipo, na safari hii nataka ya halali si ya kukopi. Laptopu yangu ina Windows 7 na intaneti ni bando la simu tu. Naona watu wanataja Steam na GOG, haya maduka ya magemu ya mtandaoni, ipi inanifaa?

kisiwandui_pc:
Wa alaykum salaam. Kwa magemu ya kale GOG, bila ya maneno. Hili ni duka la Wapoland, lilianzishwa na kampuni ya CD Projekt 2008 na jina lenyewe lilikuwa Good Old Games, kazi yao ilikuwa ndo hiyo, kuyachukua magemu ya zamani wakayatengeneza yakubali kompyuta za sasa, hata yale ya DOS, mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows, wanakuwekea na DOSBox, programu ya kuyaendesha, humo humo wewe unabonyeza unacheza. Lakini kubwa zaidi unalishusha faili la kuinstolia, unalitia kwenye flashi, basi ni lako, halikuulizi akaunti wala intaneti, unatumia bando mara moja tu hata ukibadilisha laptopu. Mfano magemu ya Warcraft 1 na 2 zile asili ziliondoshwa kuuzwa pale GOG Desemba 2024 na waliokwishanunua wanazo mpaka leo. Na Windows 7 Steam hawaisapoti tena toka 1 Januari 2024, kwa hiyo kwako wewe hapo pashafungwa.

wete_kwetu:
Yakhe la Windows 7 ni kweli ila musimtie mtu khofu na Steam, ukishaingia mara moja na intaneti unaweza kucheza bila ya intaneti. Na Age of Empires II ndo ipo huko, toleo jipya la Definitive Edition ya 2019, lakini inataka Windows 10 na ni makumi ya GB, kwa bando la simu utaumia.
Mie nakwambia usitazame duka, tazama toleo. Mfano Heroes III, Steam wanauza HD Edition ya 2015, picha nzuri lakini zile nyongeza mbili, Armageddon's Blade na Shadow of Death, hazimo kabisa. GOG wanauza Complete, zote zimo, na hata Horn of the Abyss, ile nyongeza ya bure ya mashabiki, inakubali Complete, HD Edition haiikubali. Kwa gemu hii wallahi hakuna mjadala.
FIFA za zamani hutozipata kote kuwili, leseni za ligi na timu zikiisha zinaondoshwa.

mlandege_gemu:
Ahsanteni sana. Je ikigoma kwenye laptopu yangu pesa inarudi?

kisiwandui_pc:
Inarudi. GOG ni siku 30 hata kama ushaicheza, Steam ni siku 14 na uwe hujafika saa 2 za kucheza. Ila kabla hujalipa soma ukurasa wa gemu, wanaandika inakubali Windows zipi.

mlandege_gemu:
Basi naanza na Heroes Complete na Commandos huko GOG, Age of Empires mpaka nipate mashine nyengine. Kadi ya Visa ya benki ya kawaida inapita?

wete_kwetu:
Inapita, ila waambie benki wakufungulie malipo ya mtandaoni, kadi nyengine zinatolewa zimefungwa.